Kibao cha Babu: Dar, Dodoma, Kondoa hadi Haubi

Tumerudi Dar wiki jana. Haya nimeyaunga kutoka kwenye daftari langu dogo, risiti zilizojaa mkobani, na picha za simu ambazo nyingi zina kidole cha Baba pembeni. Safari ilikuwa ya kwenda Haubi, Kondoa, kumwombea Babu Misa ya kutimiza mwaka na kumjengea kaburi. Babu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango (tawi la parokia kijijini), mkulima wa uwele na alizeti, baba wa watoto tisa, na mtani wangu mkubwa. Aliniita mke mdogo, na Bibi mpaka leo ananiita mke mwenza.

Alhamisi, 11 Septemba 2025: Dar – Dodoma

Tulipanda treni ya SGR, reli mpya, daraja la kawaida, 31,000 kwa mtu. Mzigo mkubwa ulikuwa kibao cha kaburi: marumaru nyeusi, msalaba juu, jina la Babu, na tarehe ya kufariki, 14 Septemba 2024. Nafasi ya tarehe ya kuzaliwa tuliiacha wazi kwa sababu ukoo haujakubaliana. Kitambulisho chake cha NIDA kinasema 1 Julai 1940, tarehe ambayo nadhani nusu ya wazee wa Kondoa walizaliwa. Shangazi anashikilia 1938. Baba akasema hakuna haja ya kugombana, kitabu cha ubatizo kipo parokiani, tutapita kwanza huko.

Kwenye ukaguzi wa mizigo mashine ilionyesha bapa jeusi zito na foleni ikasimama. Askari kijana akauliza ni nini hiki.

"Kibao cha kaburi, mwanangu," Baba akamjibu. "Cha mzee wangu."

"Pole, mzee. Wakatoliki?" Alikuwa ameuona msalaba. Kumbe kwao ni Bihawana, nje kidogo ya Dodoma. Akakibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye mlango wa behewa na kutuelekeza tukilaze chini ya kiti, kisisimame. Hatukupata hata nafasi ya kumuuliza jina.

Kwa watakaosafiri: kata tiketi mapema mtandaoni, hasa ijumaa na mwisho wa mwezi, uje na kitambulisho, na fika stesheni na muda wa kutosha. Mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege na lango likishafungwa limefungwa.

Baba hana mazoea ya kuongea njiani, lakini kuanzia Kilosa alifunguka. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe ndicho kilichokuwa kikisombwa na mafuriko kwenye reli ya zamani, watu wakilala njiani. Sasa tulikuwa tunapita juu ya madaraja na ndani ya mahandaki, yeye akisimulia safari kubwa ya maisha ya Babu. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo II alikuja Tanzania na akafika Tabora. Babu aliuza magunia mawili ya uwele, akatembea hadi Kondoa, akapata lori la kumfikisha Dodoma, kisha treni daraja la tatu hadi Tabora, amesimama karibu njia nzima. Aliporudi nyumbani watoto walimzunguka wasikie. Akasema, "Nilimwona. Mdogo, mbali, lakini nilimwona." Akaomba maji ya kunawa. Hiyo ndiyo ilikuwa simulizi yote, na kwa miaka yote iliyofuata hakuongeza neno.

Dodoma tulilala hosteli ya masista, 30,000 chumba chenye vitanda viwili, na chai ya asubuhi ndani yake. Zabibu zilikuwa msimu, akina mama wanauza kwa vikopo barabarani. Tulikula kikopo kizima kabla ya chakula cha usiku.

Ijumaa, 12 Septemba: Dodoma – Kondoa

Misa ya asubuhi tuliisali Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Babu alibatizwa chini ya Dodoma, akafunga ndoa chini ya Dodoma, akawa katekista chini ya Dodoma. Mwaka 2011 Jimbo la Kondoa lilipomegwa, alituambia kwa simu, "Nimehama jimbo bila kuhamisha hata jiko." Alisafiri kushuhudia kuwekwa wakfu kwa askofu wa kwanza wa Kondoa, na suti aliyovaa siku ile ndiyo tuliyomzika nayo.

Kisha stendi kuu ya Nane Nane. Fahamuni kwamba stesheni ya SGR iko upande mmoja wa mji na stendi upande mwingine kabisa. Ukishuka jioni, lala mjini, usijitese. Bajaji ilituchukua kwa 10,000 kwa sababu ya kibao. Dereva alikiangalia akasema hicho ni abiria wa tatu.

Kosta ya Kondoa, nauli 8,000. Kondakta alituapia inaondoka sasa hivi, na tukakaa ndani saa mbili nzima mpaka kiti cha mwisho kikapata mtu. Mimi nadhani wangesema tu ukweli, watu wangekunywa chai kwa amani. Barabara ya Dodoma–Babati ni lami tupu, kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Baba alikuwa akiitazama bila kuisifu. Enzi zake mvua ikinyesha gari linangoja mto upungue, na abiria wanageuka ndugu. Mayamaya, Haneti, mibuyu, vichuguu, mbuzi wanaovuka wanavyojisikia.

Baada ya Haneti tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo, kwa hiyo pikipiki ilitumwa kurudi nalo Haneti. Jua la saa saba. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mama mmoja wa Kigogo. Alimwona Baba anachechemea, magoti yake mabovu, akatoa kigoda akakiweka kivulini chini ya mbuyu, akaleta maji kwenye kata na bakuli la uji wa uwele wenye ubuyu ndani. Alipojua tunakwenda kwenye Misa ya mwaka alikataa pesa. Baba akachomoa rozari mfukoni, ya mbao, akampa. Mama akacheka akasema yeye ni Mwanglikana, lakini ataipokea, atampa mkwewe.

Kondoa tulifika magharibi, adhana ya mji mzima ikiita kwa pamoja. Gesti 20,000, safi, maji ya bomba yenye nguvu. Usiku mishikaki na chipsi. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba: Kondoa – Haubi

Usafiri wa Haubi upo, lakini hauna saa. Kwa ajili ya kibao na magoti ya Baba tulikodi Noah, 70,000 kwenda tu. Ukiwa peke yako na begi la mgongoni, pikipiki inatosha, ila vaa koti na funika pua, vumbi la kule ni jekundu na halitoki kwenye nguo nyeupe.

Barabara inapanda milima ya Irangi na makorongo yanaanza kuonekana, mengine marefu kuliko nyumba ya ghorofa. Hapa ndipo ulipokuwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Ardhi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko mpaka mifupa. Mwaka 1979 Serikali iliamua mifugo yote itoke eneo lile: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Leo kuna miti na nyasi mahali ambapo wazee wanasema palikuwa mchanga mtupu, na baadaye ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani waliruhusiwa. Kwenye vitabu ni mradi uliofanikiwa. Nyumbani kwetu ni mwaka ambao zizi lilibaki tupu, na Baba alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Alisema hajawahi kumwona baba yake amekaa chini mchana isipokuwa wiki ile.

Parokiani tulikuwa tumepiga simu kabla, kwa hiyo karani wa ofisi alikuwa anatungoja na kitabu kikubwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Safu zote zina vichwa vya Kilatini, mwandiko wa padri mzungu, wino umefifia kuwa kahawia. Karani alipitisha rula mstari kwa mstari. Akasimama.

Amebatizwa 1 Novemba 1936, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kuzaliwa: Septemba mwaka uleule, siku haikuandikwa. Kwenye ukingo wa mstari huohuo, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine, kipaimara. Chini yake, bluu, ndoa na jina la Bibi. Mstari mmoja wa kitabu, upana wa kidole, umembeba mtu kutoka utotoni mpaka kwa mkewe. Baba alivaa miwani, akausoma mara mbili, akasema tu, "Basi Dada kashindwa," maana yake Shangazi na 1938 yake.

Nyumbani Bibi alinipokea kwa malalamiko. "Mke mwenza umekonda. Huko Dar mnakula nini?" Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika kichwa muda mrefu. Sebuleni kila kitu kiko palepale: picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ya Mwalimu Nyerere pembeni yake, kalenda ya jimbo ya mwaka jana ambayo Bibi hataki iondolewe. Nje, kwenye mti wa mkungugu, ringi ya gari inaning'inia. Hiyo ndiyo kengele ya Babu. Aliigonga kwa nondo saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa sala ya Malaika wa Bwana, na jirani Waislamu nao walipangia kazi zao kwa mlio ule.

Jioni Bibi alitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani: kaunta buku, moja juu ya nyingine, za kuanzia mwaka 1964. Sijui nilitarajia nini, labda tafakari au sala alizotunga. Ni orodha. Wanafunzi wa komunio ya kwanza na nani alikuwepo. Wagonjwa, na tarehe aliyowatembelea, na umbali: "saa mbili kwa mguu", "saa nne, mvua". Nani amepelekewa padri kabla ya kufa na nani hakuwahiwa. Zaka: debe moja la uwele, kuku wawili. Mwaka wa njaa safu ya zaka haina kitu, ila ametia mstari mmoja: "Wasidaiwe."

Baba alifungua ya 1973 akaanza kucheka mpaka akakohoa. Kwenye safu ya mahudhurio ya mafundisho kuna jina lake, mtoto wa miaka kumi na moja, na mbele yake kwa mwandiko mzuri kabisa: "Hakufika. Alikwenda mpirani." Wiki iliyofuata: "Hakufika. Mpira." Wiki ya tatu: "Alifika. Analia."

"Alinichapa," Baba akasema akifuta macho. "Lakini usiku wa siku hiyo alinikalisha akanifundisha yale masomo mawili niliyokosa, mpaka taa ikaisha mafuta. Hilo hakuliandika."

Jumapili, 14 Septemba: Misa

Tarehe ilituangukia vizuri kuliko tulivyopanga. Mwaka huu 14 Septemba imekuwa Jumapili, na ndiyo Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Kwa hiyo si Misa ya wafu yenye zambarau. Paroko alivaa nyekundu, Utukufu ukaimbwa, na jina la Babu likasomwa kwenye nia ya Misa. Kama unapanga Misa ya mwaka na unataka ile ya marehemu yenyewe, chagua siku ya kazi na mwone paroko mapema. Sisi hatukujuta. Somo la kwanza lilikuwa la nyoka wa shaba kutoka Kitabu cha Hesabu, na Paroko, ambaye alimkuta Babu tayari mzee, alihubiri kwa dakika chache tu. Alisema alipofika parokiani akiwa mgeni, Babu alimtembeza vijijini siku nzima na kila nyumba alimwambia nani mgonjwa, nani hajabariki ndoa, na nani ana mbwa mkali.

Babu alitumikia altareni enzi za Kilatini. Hata miaka hamsini baada ya Misa kuwa ya Kiswahili, ukikaa karibu naye ungemsikia padri akisema "Bwana awe nanyi", kanisa linajibu lake, na yeye chini kwa chini, "Et cum spiritu tuo." Jumapili hii nilijikuta natega sikio upande wa benchi lake. Alikuwa amekaa mtoto anakula ubuyu.

Baada ya Misa tuliandamana hadi kaburini, WAWATA, akina mama Wakatoliki, na vitenge vyao mbele. Fundi alikuwa amechonga 1936 alfajiri, 15,000, kazi nzuri ingawa 6 imeinama kidogo. Saruji mifuko sita, 17,500 mmoja hadi nyumbani. Maji ya baraka, litania, "Raha ya milele umpe ee Bwana", na Shangazi akalia kwa sauti, kisha akakiangalia kibao akasema bado yeye anaamini 1938.

Sasa habari ya mbuzi. Kwetu wageni wa msiba ni wa dini zote, kwa hiyo anayechinja ni Mwislamu, wote wale bila wasiwasi. Aliyechinja ni mzee jirani, rika la Babu kasoro kidogo, kanzu safi, anaona kwa jicho moja. Tulipokuwa tunakula, pilau kwa wageni na ugali wa uwele na mlenda kwa wanaojua kula, nilikwenda kumwamkia na kumshukuru.

"Marahaba. Wewe ndiye mke mdogo?"

Nikasema ndiye.

"Mumeo alikuambia habari za ng'ombe?"

Hakuwahi. Mzee akaniambia. Mwaka ule wa 1979, siku ya mwisho ya amri, wao wawili walichanganya ng'ombe zao wakawateremsha tambarare, upande wa nyika ya Wamasai, kwa ndugu waliokubali kuwatunza. Walitembea usiku kwa sababu ya jua na kiu ya ndama. Yeye alikuwa na sala zake tano, Babu ana rozari yake na Malaika wa Bwana. Wakapanga: mmoja akisali, mwenzake anazunguka kundi na kurunzi kwa ajili ya fisi. "Alfajiri ya kwanza," mzee akasema, "nilikuwa nimechoka, nikalala. Akaniamsha kwa mguu. Ananiambia, amka, saa yako ya sala inapita, mimi nimeshamaliza yangu." Akatafuna. "Mkristo! Ananikumbusha mimi Alfajiri!"

Wakifika, ndugu walipokea ng'ombe, na wao wakarudi kwa mguu na fimbo mikononi. Mzee anasema njia nzima ya kurudi Babu hakusali kwa sauti. Alikuwa akitaja majina ya ng'ombe, mmoja mmoja, kisha anaanza tena.

Nilimweleza Baba usiku. Alinyamaza, kisha akaomba kaunta buku ya 1979. Hakuna habari ya ng'ombe. Wiki nzima iko tupu, halafu orodha ya wagonjwa inaendelea.

Jumatatu, 15 Septemba: Kolo, na kurudi

Wenye haraka walirudi moja kwa moja. Mimi na binamu zangu wawili tulipitia Kolo kuona michoro ya miambani, iliyo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Unasimama ofisi ya Mambo ya Kale pale barabarani, unalipa kiingilio, unapewa mwongoza wageni. Uwe na usafiri wako, na viatu vya kupandia, kwa sababu mwamba wa Mongomi uko juu na njia ni mawe. Watu wembamba wekundu, twiga, wanyama waliofifia. Nenda asubuhi.

Mongomi bado panafanyiwa matambiko, mvua hasa. Binamu alikumbusha kwamba ukame ukizidi, wazee walipanda huko na Babu aligonga ringi watu waje kusali novena. Mvua ikinyesha, kila upande ulidai ni yake, na utani uliendelea mpaka mavuno. Babu alikataza wakristo wake kupanda Mongomi, hilo hakulegeza. Lakini mzee wa tambiko alipougua, jina lake limo kwenye kaunta buku, ametembelewa mara tatu: "saa tatu kwa mguu, hakutaka sala, tumeongea mvua."

Kolo hadi Dodoma tulipata basi la kutoka Babati, tukasimama mpaka Kondoa, baadaye viti. SGR ya jioni. Nilisinzia hadi Pugu.

Jumla yangu na Baba, nauli zote, kulala, Noah kwenda na kurudi, bila kuhesabu mchango wa chakula na kibao chenyewe, ilikuwa karibu 390,000. Familia ikigawana Noah inashuka sana.

Ushauri mmoja kwa wanaotafuta tarehe za wazazi wao: vitabu vya ubatizo vinasomwa ofisini, siku za kazi asubuhi, si Jumapili watu wakitoka kanisani. Nenda na jina la ubatizo, jina la baba yake na kigango. Bila jina la ubatizo utapata majina ishirini yanayofanana.

Paroko aliomba kaunta buku zikahifadhiwe parokiani. Bibi alikataa palepale. "Padri, nimeishi na mwandiko huu miaka sitini. Anayetaka aje asome hapa, nitampa chai." Akaniruhusu kupiga picha, na nimepiga zote, ingawa chache zimechafuka na moshi. Kwa hiyo watu wa Haubi mlioko Dar, Arusha na kwingineko: kama wewe au mzazi wako alisoma mafundisho kwa Babu kati ya 1964 na 1991, niandikie jina na mwaka, nitakutafutia ukurasa. Nikutahadharishe tu kwamba waliotoroka nao wameandikwa, na walikokwenda.